Magogo Yaliyotangulia

Nyumba yangu ya Mlali, huku Kongwa, ndiyo ilikuwa ya kwanza kitongojini kwetu kuwa na lenta ya zege juu ya madirisha. Aliyekuwapo atathibitisha. Wenzangu waliweka ubao juu ya dirisha, mchwa wakala ubao, ukuta ukapasuka kama kibuyu kilichoachwa juani. Mimi nilisuka nondo nikamwaga zege, na hadi leo huwezi kupitisha wembe kwenye ukuta ule.

Niliijenga kwa jasho la ugenini. Niliondoka nyumbani baada ya darasa la saba, sina kitu ila shati nililovaa. Nilibeba maji ya mafundi kule Zambia, nikashika mwiko Botswana, na nilipoona kwamba wanaolipwa vizuri ni wale wanaosoma ramani, nikajiandikisha masomo ya jioni hadi nikapata diploma ya ujenzi. Hakuna serikali iliyonipeleka, hakuna mkubwa aliyenishika mkono. Diploma ile niliitia kwenye fremu ya kioo nikaitundika sebuleni, mahali ambapo wengine hutundika kalenda ya mwaka uliopita.

Nilirudi katika miaka ile watu waliyoiita ya ruksa. Duka la ushirika la kijiji lilikuwa limebaki rafu na buibui, lakini pembeni yake watu binafsi walikuwa wamefungua maduka yao, na sabuni ilikuwa ikiuzwa kama sabuni, si kama dawa ya kuomba kwa daktari. Nguo za mitumba zilimwagwa chini siku za mnada. Malori yalipita yamebeba mkaa kwenda Dodoma mjini, gunia juu ya gunia, na kila lori lililopita ujue kuna kichaka ambacho wanawake wa kwetu hawataokota kuni tena. Wengi waliorudi miaka ile walirudi kufanya biashara. Mimi nilirudi kwa ajili ya mama.

Baba alikuwa amefariki zamani, na mama alibaki katika tembe yake, na kifua chake kilikuwa kibovu. Nilikuwa nimemwahidi, tangu nikiwa kijana wa kubeba maji, kwamba nitamjengea nyumba na atalala ndani yake mpaka siku yake. Sikutaka nyumba ya kuonyesha watu. Nyumba bila mama ndani yake ilikuwa kwangu ghala tu. Mke wangu na watoto walikuwa bado Botswana wakingoja mkubwa wao amalize shule, nami nilitaka wakija wamkute mama amekaa barazani, yeye ndiye mwenye nyumba.

Alikubali kuhama kwa shida. Alisema bati linapiga kelele mvua ikinyesha na kwamba sakafu ya saruji inamkumbusha wodi. Lakini alihama. Nami nikabomoa tembe, kwa sababu paa lake la udongo lilikuwa limeanza kuanguka kipande kimoja kimoja, na sikutaka mtu yeyote aulize mama wa fundi analala wapi.

Kumbe ndani ya ile tembe ndimo alimokuwa akiweka kuni zake, mizigo miwili mitatu, ukutani karibu na mbuzi. Sasa jiko lilikuwa kibanda nyuma ya nyumba, na kuni zililala nje, mchwa wakizila kwa chini na mvua ikizilowesha kwa juu. Masika ya kwanza ya mama katika nyumba mpya yalikuwa masika ya moshi. Nilikuwa nikisoma ramani sebuleni na kumsikia akikohoa nyuma kama mtu anayeng'oa kitu kifuani. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa ng'ambo ya korongo, ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali ya misheni, na daktari alimwambia wazi: moshi unamla mama kifua. Apikie kuni kavu, au apikie mkaa.

Mkaa mama hakuutaka. Alisema ugali wa mkaa hauna mwenyewe, wa kila jiko una ladha moja.

Basi nikaamua kumjengea banda la kuni kabla mvua nyingine hazijaanza. Fedha nyingi zilikuwa zimeishia kwenye nyumba, na hata zingekuwapo, fundi hodari humjui kwa vitu vya dukani. Nilikusanya mapipa ya lami yaliyoachwa na watengeneza barabara, nikayapasua kwa patasi, nikayakunjua na kuyanyoosha kwa nyundo mpaka yakawa bapa. Hayo yakawa bati. Nguzo nilikata za mgunga, nikazimenya maganda na kuzipaka oili chafu sehemu itakayoingia ardhini, maana mchwa wa Kongwa hawana dini. Chini nilipanga mawe, juu ya mawe mirunda ya miti, ili kuni zisiguse udongo na upepo upite kwa chini. Kuta tatu nilizijenga kwa matofali yaliyobaki, nikiacha pengo kati ya tofali na tofali. Mbele niliacha wazi. Paa nililiinamisha kwa nyuma ili maji yasimwagikie mlangoni.

Nililiweka mbele ya nyumba, mkono wa kulia ukiingia, kwa sababu hapo ndipo upepo wa mashariki unapopita vizuri na hakuna kivuli. Hilo ni jambo la kitaalamu, na kitaalamu lilikuwa sahihi. Wanawake waliokuwa wakienda kisimani walisimama kulitazama.

"Fundi, hii ni nyumba ya nani?" mmoja akauliza.

"Ya kuni."

"Kuni zimejengewa kabla ya mume wangu kunijengea mimi," akasema, na wenzake wakacheka njia nzima.

Likabaki kipande kimoja cha paa, na kulijaza. Huko Botswana nilikoishi, mwanamume mwenye akili hamwachi mkewe aokote vijiti. Anatuma mkokoteni wa punda au pikapu porini, magogo yanaletwa mazima, yanapangwa uani, na mtu anapasua kadiri anavyohitaji. Kila ua una rundo lake. Nilikuwa nimelizoea jambo hilo hata sikuliwazia mara mbili. Kulikuwa na mzee aliyekuwa amefyeka shamba jipya kuelekea mlimani, magogo yamelala humo yamekauka vizuri, akaniambia nichukue. Nikawapata vijana wawili wenye tela la ng'ombe.

Siku tuliyokubaliana, mama aliamka na kifua kimembana sana. Dada alikuja mapema, akamfunga khanga ya mgongoni, wakapanda lori la mkaa lililokuwa likielekea njia ya hospitali. Mama alikaa mbele na dereva, kichwa amekiegemeza dirishani. Watu wengi walimwona akipita hivyo. Niliwaambia ningekwenda nao, dada akasema, "Baki umalize banda lako. Ukija utaanza kumfundisha daktari."

Vijana wa tela walifika shambani, wakapakia gogo la kwanza, la pili. Mmoja akaniuliza, "Mkubwa, yanakwenda wapi haya?"

"Nyumbani, kwa mama."

Wakatazamana. Yule wa pili akavua kofia. Tangu hapo hawakunena neno. Walipakia taratibu, bila mzaha, bila kumpiga ng'ombe kelele, na tulipofika walishusha magogo kwa mikono miwili kama watu wanaoshusha vyombo vya udongo. Nilipotaka kuzungumzia malipo yao, mkubwa wao akatikisa kichwa. "Hayo baadaye, mkubwa. Si ya leo." Wakarudi kufuata safari ya pili na ya tatu bila kuambiwa.

Niliwaza moyoni: hivi ndivyo watu wanavyomheshimu mtu aliyejitengeneza mwenyewe. Sikuona cha ajabu. Nilikuwa nimekwisha kuwapa kazi vijana wengi pale kijijini.

Jua lilipokuwa utosini nilikuwa juu ya paa nikigongomea kipande cha mwisho cha pipa. Watu wakaanza kuingia uani. Kwanza wazee wawili, wakakaa kwenye mawe karibu na banda, fimbo katikati ya magoti. Halafu wanawake, wakazunguka nyuma upande wa jikoni. Nikafurahi. Nikashuka, nikawaamkia wazee shikamoo, na nikaanza kuwaeleza: mnaona pengo hili, upepo unaingia huku unatokea kule; mnaona mawe haya, mchwa hapandi jiwe. Wazee waliitikia kwa vichwa. Mmoja alisema, "Umefanya vizuri, mwanangu. Kila mtu anafanya kwa namna yake." Mwingine akauliza kama nimekwisha kutuma mtu kwa mjomba.

"Wa nini?" nikasema. "Ataliona akipita."



Ndipo nikasikia kilio. Kilitoka mbali, njia ya upande wa mashamba ya karanga ya zamani, kilio cha mwanamke mtu mzima, cha kupanda na kushuka. Kilikuwa cha mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja. Aliingia uani mikono kichwani, khanga imeanguka kiunoni, akajitupa chini mbele ya magogo. Wanawake walio jikoni wakampokea kwa sauti, na uani kwangu kukawa msiba.

Nyundo ilinitoka mkononi.  Nilijua mara moja kwamba habari imetoka hospitali, kwamba mama amefia njiani ndani ya lori la mkaa, nami nilikuwa juu ya paa nikigonga misumari. Nilimwendea mama mdogo nikapiga magoti, nikamshika mabega.

"Mama, nani ameleta habari? Amefia wapi?"

Aliinua uso wenye vumbi na machozi, akanitazama kama mtu aliyepotelewa na akili.

"Nani ameleta habari? Si wewe?"

"Mimi sijaleta habari yoyote."

"Umeleta magogo," akasema. "Vijana wamepita nayo kwangu. Wamesema yanakwenda kwa mama yako. Na dada yangu amepakiwa lori asubuhi, shingo imelala. Wewe ndiye uliyeleta habari."

Kwetu kuni za jikoni ni vijiti, na ni kazi ya wanawake. Zinakuja kichwani, zinawekwa nyuma. Gogo zima halipikii ugali. Gogo zima linaletwa na wanaume, linawekwa mbele ya nyumba mkono wa kulia, pale wanaume watakapokaa kuota moto siku za matanga. Na haliingii uani mpaka pumzi ya mtu imekwisha kutoka. Nilikuwa nimeliona jambo hilo utotoni mara nyingi, lakini mtoto huona moto tu, haoni umefikaje pale. Kisha nikaondoka nikaenda kukaa kwa watu ambao gogo ni gogo.

Nilisimama katikati ya ua nikawaambia watu kwamba mama hajafa. "Kwa ujuavyo," akasema mzee mmoja. Na kweli, kwa nijuavyo tu; sikuwa na simu, sikuwa na chochote. Hakuna aliyeondoka. Wengine waliacha kulia, wengine waliendelea polepole, kama mtu anayefuta mdomo baada ya kula. Tulikaa hivyo, watu hawajui waage au wapige kambi, mpaka mchana ulipoanza kulegea na pikapu ya mfanyabiashara mmoja wa mpunga ikasimama njiani.

Dada alishuka kwanza. Halafu akamshika mama mkono akashuka.

Mama alikuwa amepata sindano na sauti yake imerudi kidogo. Aliona watu. Aliona wanawake wamefunga khanga kiunoni. Akasimama kwenye pengo la uzio wa minyaa, akauliza, "Nani?"

 Alimtazama mdogo wake aliyelala chini. Akatazama magogo, yalivyopangwa vizuri chini ya bati la mapipa, na akanitazama mimi. Nikaona limemwingia.

Mama mdogo ndiye aliyetangulia kusema. "Dada, nimekuja kukuzika."

"Naona," mama akasema. "Umekuja bila hata unga?"

Watu wakacheka, kicheko kile cha kutoa pumzi iliyobanwa. Mmoja akasema, "Bibi amefufuka na njaa." Mama akaenda akamwinua mdogo wake, akamfunga khanga vizuri, akamfuta vumbi usoni kwa kiganja. Alizunguka akaamkia watu mmoja mmoja, akawashukuru kwa kuja. "Mmelia vizuri," aliwaambia wanawake. "Nilikuwa nawasikia tangu kule kwenye wembamba wa barabara, nikasema huyo aliyekufa alipendwa."

Lakini hakuingia ndani ya nyumba. Watu walipoanza kutawanyika alimwambia dada amchukulie mkeka na sufuria yake ndogo. Nilimwuliza anakwenda wapi.

"Kwa dada yako."

"Mama, mpaka lini?"

"Wewe umekwisha kuniwekea siku," akasema. "Acha na mimi niikwepe kidogo."

Nyumba ya dada ilikuwa ya miti na udongo, chumba kimoja na jiko ndani kwa ndani, moshi ukitokea mlangoni pamoja na watoto. Hakuna mahali pabaya zaidi kwa kifua chake. Nilikwenda kila siku. Nilivuka korongo asubuhi nikiwa na maneno yangu nimeyapanga kama matofali. Nilimweleza kuhusu unyevu na moshi. Nilimweleza kwamba daktari na mimi tunasema jambo moja. Nikamwambia kuni ni kuni.

"Basi na mtoto ni mtoto," akasema, akichambua mchicha. "Nimchukue wa jirani, wewe urudi Botswana?"

Dada akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanifuata nje, na huko hakucheka. "Usiku halali," akaniambia. "Anakohoa amekaa. Nikimwambia arudi kwako ananiuliza nimechoka naye. Yaondoe hayo magogo, mdogo wangu."

Nilianza kuyapasua. Niliona nikiyafanya vipande vidogo yatakuwa kuni za jikoni kama nyingine. Nilipasua siku nzima mpaka viganja vikachubuka, mimi mwenye diploma, na nikapeleka mzigo kwa dada begani. Mama aliutazama. Akasema ng'ombe akikatwa vipande hawi mbuzi. Mzigo ule ulikaa nje kwa dada, na hata watoto hawakuuchezea.

Mjomba, kaka yake mama, alikuja kunitembelea. Tuliamkiana mbukwa, salamu ya kwetu, akalizunguka banda mara moja bila kuligusa. Nilimwambia nitawapa watu magogo yale bure, wayachukue, yaishe.

"Utampa nani?" akauliza.

"Yeyote."

"Utaingia kwenye ua wa mtu mzima, mwenye mke na watoto, umwambie nimekuletea magogo?"

 Kwenda kumpa mtu magogo kabla hajafiwa ni kumtakia msiba. Siwezi kuyagawa, siwezi kuyapikia, na kuyarudisha porini mjomba alisema ni vibaya zaidi, maana kilichoingia kwa msiba hakirudi bure. Yangekaa pale yakingoja. Yakingoja nani, kila mtu alijua. Watu walianza kupita njiani wakilitazama banda kwanza, kana kwamba wanaangalia kama yamepungua.

Sikukata tamaa, sikufika nilikofika kwa kukata tamaa. Nilikuwa na matofali mabichi yaliyobaki tangu ujenzi, mengi, yamefunikwa nyasi. Nikamwuliza mjomba: na tanuru je? Nikipanga tanuru nikachoma matofali kwa magogo haya?

Alichora chini kwa fimbo. "Moto wa tanuru ni moto wa kazi," akasema. "Haumlilii mtu. Huo sawa. Lakini ayatoe mwanamume mwingine, si wewe, na yatoke mchana watu wakiona."

Ikafanyika hivyo. Mjomba mwenyewe aliongoza. Wale vijana wa tela walikuja, safari hii na maneno yao yote, wakitaniana kwamba wameshaleta msiba na sasa wanaurudisha ulikotoka. Nilipanga tanuru kwa mikono yangu kando ya korongo, nikaacha midomo ya moto, nikalikandika udongo, na ninaweza kusema hapajapata kuonekana Mlali tanuru lililoiva sawasawa kama lile. Hakuna tofali lililobaki jeusi katikati. Magogo yaliisha yote, mpaka magome.

Nilikwenda kwa mama na tofali moja mkononi. Nilitaka aligonge asikie linavyolia. Nikamwambia matofali haya nitamjengea chumba cha jiko kizuri, chenye dohani ya kutolea moshi, kiunganishwe na chumba chake cha kulala, asipate baridi akitoka.

Hakuligusa.

"Sitalala kwenye matofali yaliyopikwa kwa kuni zangu," akasema.

Nilitamani kumwambia hazikuwa zake.  Lakini nilipoyaleta magogo yale nilimtaja yeye, na nchi nzima ikasikia.

Matofali yote niliyatoa shule ya msingi, ambako wazazi walikuwa wanajenga vyoo. Ni vyoo imara. Vitawazika wajukuu wa waliovijenga. Ndipo mama alipomtuma dada kuja kuchungulia kama banda limebaki tupu. Alichungulia hadi chini ya mirunda. Siku wingu la kwanza la mvua lilipofunga upande wa mashariki, mama akavuka korongo na mkeka wake, na kichwani amebeba mzigo mdogo wa vijiti. Aliingia uani, akapita mbele ya banda, akasimama. Akaweka vijiti vyake pembeni kabisa, kwenye kona, kama mgeni anavyoweka mfuko wake. Akaingia ndani ya nyumba.

Nilifurahi, siwezi kuficha. Niliona nimeshinda. Kilichobaki ni kumletea vijiti vya kutosha kabla mvua hazijakolea. Ningewalipa wanawake wa jirani wavibebe kichwani, vije kwa njia inayotakiwa, banda lijae kwa halali.

Akakataa. Kila alfajiri alichukua upanga na kamba, akatoka na wanawake wenzake, akarudi na kuni za siku hiyo. Akapika, zikaisha. Jioni banda lilikuwa tupu, limefagiwa. Nikamwambia, mama, lete hata za siku mbili, tatu, zikauke. Hiyo ndiyo kazi ya banda.

"Ukiona nimepanga nyingi utafurahi," akasema. "Na wapitanjia je? Wanasalimia banda kabla yangu. Likiwa na kuni nyingi watauliza kuna nini kwa bibi. Likiwa na chache watasema amepona. Nimechoka kusomwa."

"Acha wasome."

"Wewe hawajakulilia ukiwa umesimama."

Masika yakaja kwa nguvu mwaka ule. Kuni za siku hiyo hiyo zinatoka porini zikiwa mbichi na maji, na hakuna banda duniani linaloweza kukausha kuni kwa saa moja. Jirani zangu, wale waliocheka kwamba kuni zimejengewa, walikuwa wamekwisha kujenga ya kwao, nyuma ya majiko, madogo, ya miti na nyasi, lakini mawe chini na mapengo ukutani kama nilivyofanya mimi. Waliyajaza vijiti tangu kiangazi. Moshi wao ulipanda mwembamba, wa bluu. Walikuja kunishukuru. Mmoja aliniletea kuku. Ukisimama kwenye kilima cha shule asubuhi ya mvua uliweza kuona jiko gani lina moshi mzito mweupe, unaotambaa chini kama maziwa yaliyomwagika, na jiko hilo lilikuwa la mama wa fundi.

Asubuhi moja mvua ilipokuwa ikinyesha nilimkuta jikoni amepiga magoti, shavu karibu na ardhi, akipuliza. Macho yake yalikuwa mekundu. Alipuliza, akakohoa, akashika kifua, akainama tena.

"Mama, toka humo."

"Uji utapikwa na nani?"

Nikamshika mkono nikamtoa. Sikumwuliza. Mahali pakavu palipokuwa karibu na penye hewa ni lile banda, nikamzungusha mbele ya nyumba chini ya upenu wa bati, nikamketisha pale juu ya mirunda, mgongo ukutani, upepo ukimpitia kwenye mapengo. Nilidhani atakataa. Akatazama juu kwenye bati la mapipa, mvua ikilipiga.

"Halivuji," akasema.

"Haliwezi kuvuja. Nimelijenga mimi."

"Najua nani amelijenga."

Alikaa. Pumzi yake ikaanza kutulia. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita njiani na gunia kichwani kujikinga na mvua akapunguza mwendo, akatazama ndani ya banda kama walivyokuwa wakitazama wote, na mama akamwahi kumsalimia kabla hajafungua mdomo.

Nilirudi jikoni. Nikapiga magoti mahali pake, suruali yangu nzuri ikaingia kwenye majivu, nikaanza kupuliza. Kuni zile zilitoa povu kwenye ncha. Moshi ukanijaa kooni, machozi yakanitoka, moto ukashika kidogo ukafa. Kutoka mbele ya nyumba nikamsikia akikohoa, mara moja, kisha tena. Nikainama nikapuliza.